Mwalimu wa Kikapu Anatafutwa

Siku tatu kabla ya usaili, Nashipae aliona kitanda cha Aminieli kikiingizwa katika nyumba ya mwalimu wa michezo. Wanaume wawili walikibeba, na Aminieli mwenyewe akiwaelekeza mlangoni kama bwana harusi anayehamia kwake.

"Kitanda kimetangulia, dada," alisema akicheka. "Mwenye kitanda anafuata."

Nashipae alipita zake. Alikuwa na uchovu ule usioondoka kwa kulala.

Kwa miaka minne alikuwa amewafundisha mpira wa kikapu wasichana wa chuo kile cha ualimu, mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Mchezo uliletwa na mmisionari mmoja wa Kimarekani, akasimamisha nguzo mbili na pete mbili za chuma, akapatwa na homa, akarudi kwao. Pete zikabaki, na Nashipae akabaki nazo. Kanuni alizisoma katika kijitabu kilicholiwa na mchwa. Zilizoliwa alizitunga mwenyewe. Hata hivyo karatasi za chuo zilimwita msaidizi. Msaidizi wa nani, hakuna aliyejua, maana wa kusaidiwa hakuwapo, mpaka miezi saba iliyopita alipokuja Aminieli kutoka Machame, na cheti cha kozi ya wiki sita ya Nairobi. Akapewa timu kwa majaribio. Sasa kazi ya kudumu ilikuwa imetangazwa, na waombaji walikuwa wawili tu, yeye na Nashipae.

Mchezo Aminieli aliujua, asinyimwe haki yake. Lakini alifundisha kwa ulimi na kwa fimbo. "Wee, mbona unakimbia kama umebeba mtungi? Bibi yangu angekupita, naye ni marehemu!" Wasichana walicheka mwanzoni. Baadaye kicheko kiliwakauka.

Wiki moja kabla ya kitanda kile, Nkasiogi aliangusha mpira mara ya tatu. Aminieli akamwita pembeni, akaanza kumchapa miguuni. Nkasiogi alikuwa binti wa Kiarusha, wa magharibi ya mlima, naye alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwao angefanya: aliinama, akang'oa nyasi ukingoni mwa uwanja, akaziinua kwa mikono miwili. Kwao, anayeonyeshwa nyasi hushusha mkono, awe amekosewa vipi.

Aminieli alizitazama zile nyasi. "Unanilisha? Mimi ng'ombe wa baba yako?"

Fimbo ikatua juu ya kifundo cha mkono uliokuwa umezishika.

Nashipae alifika mbio, akaikamata fimbo. "Anakuomba radhi, Mwalimu!"

"Radhi gani? Kwetu anayeomba radhi huleta jani la sale, kwa adabu. Majani ya ng'ombe ni radhi?"

Na hakuwa akisema uongo. Huko Machame angeletewa jani la sale angesamehe hata kesi ya shamba. Hilo ndilo lililomchosha Nashipae zaidi.

Mkono ulivimba. Nkasiogi akamwambia matroni kwamba ameanguka.

"Nikisema watanirudisha nyumbani," alimnong'oneza Nashipae, "na baba atasema basi, niolewe. Sema wewe, Mwalimu. Wewe unasikilizwa."

Nashipae alitamani kucheka. Yeye anasikilizwa! Aminieli alikwisha kumwonya: "Ukifungua kinywa, dada, watasema ni wivu. Na wivu haupewi kazi."

Siku ya usaili walikaa watatu chini ya picha ya Malkia: Mchungaji Solomoni, mwenyekiti wa baraza la chuo, Miss Hulda, mkuu wa chuo, na Bwana Kishor, mwenye duka la vyuma mjini, aliyekuwa akitoa mipira.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umeolewa?"

"Bado."

"Na ukiolewa, timu tumwachie nani?"

"Mwalimu Aminieli naye mmemwuliza hivyo?"

Bwana Kishor alikohoa ndani ya sharubu zake. Mchungaji akapekua karatasi. Wakamwuliza juu ya cheti, akasema hana; juu ya kazi, akasema ameifanya miaka minne. Kisha Mchungaji akauliza kama ana neno jingine, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Ninalo. Mwalimu Aminieli anawapiga wasichana. Mmoja ana mkono umevimba mpaka leo hawezi kuandika. Niliona kwa macho yangu."

Mchungaji akaziweka karatasi chini.

"Mwanangu," alisema Mchungaji, "umekuja kuomba kazi ama kumshitaki mwenzako? Chagua moja. Ondoa ombi lako, ndipo tusikie ushahidi wako."

"Nikiondoa ombi, mkono wa mtoto utapona?"

"Haionekani vizuri."

"Hata mkono wake hauonekani vizuri, Mchungaji."

"Ngoja, ngoja," Bwana Kishor aliingilia. "Dukani kwangu karani akisema mwenzake anapiga wateja, mimi namwita mteja nione. Siulizi karani anataka kiti gani. Mwiteni msichana."

Nkasiogi akaja, mkono umefungwa kwa kipande cha kanga. Walipomwuliza, alimtazama Nashipae, kisha taratibu akaifungua ile kanga. Miss Hulda akageuzia uso dirishani.

Aminieli aliitwa. Hakukana. "Alinidhihaki mbele ya timu nzima. Aling'oa majani akaninyooshea."

Mchungaji Solomoni, ambaye utoto wake wote alichunga mifugo upande ule wa mlima, akainua kichwa. "Majani gani?"

"Nyasi tu."

"Kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

Mchungaji akavua miwani, akaiweka mezani. "Nawe ukampiga," alisema.

Kesho yake kitanda kilitolewa. Wasichana walisimama madirishani wakikihesabia hatua. Nashipae alimwonea Aminieli huruma kidogo, akaishangaa huruma yake.

Jioni Miss Hulda akamwita ofisini.

"Aminieli hatapewa kazi. Lakini baraza limeona si vizuri aliyemshitaki mwenzake akalie kiti chake. Tutatangaza upya. Pole sana."

"Kiti hakikuwa chake, Miss Hulda. Kilikuwa kinatafutiwa mtu."

"Najua."

"Bwana Kishor alisemaje?"

"Alikataa. Wao walikuwa wawili."

Wao walikuwa wawili. Na baraza lilikuwa na watu watatu tu. Nashipae aliisikia hesabu hiyo, akaiacha ipite. Hakuwa na nguvu za kugombana na mtu anayeona aibu.

"Na kesho nani atawafundisha?"

"Wewe. Mpaka apatikane mtu."

Angeweza kukataa. Alilifikiria hilo akiwa wima pale, akawafikiria wasichana kumi na wawili wasio na mtu. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Basi andika. Andika kwamba kazi hii naifanya mimi, tangu lini, na kwamba niliiomba nikanyimwa. Andika na sababu. Atakayekuja aikute, na mimi nibaki na nakala."

"Nashipae, mambo kama haya hayaandikwi."

"Ndiyo maana hayakomi."

Miss Hulda aliuangalia mlango, kama vile mtu angeingia amwokoe. Hakuingia mtu. Akachukua kalamu, akaandika mstari. Nashipae akausoma kutoka upande wa pili wa meza: *anasaidia timu*. Akaweka kidole juu ya neno la kwanza. Miss Hulda akalifuta, akaandika *anafundisha*, akaendelea mpaka kwenye sababu, akatia sahihi, kisha akainakili yote katika karatasi ya pili.

Nashipae hakushukuru. Alikaa pale, mikono mapajani, akingoja wino ukauke.