Jina la Tatu Mlangoni

Mwaka 1987 baba mdogo Burito alinunua lori la jeshi mnadani Musoma. Lilifika kwetu Nyamuswa likivutwa na trekta. Alisema litabeba pamba mpaka Bunda, ila kwanza lipambwe, maana ukoo wetu uliendesha magari ya vita tangu zamani.

Mimi nilimaliza la saba na mwandiko wangu unasomeka, basi nikapewa brashi. Nilichora kofia ya chuma kwenye boneti. Mlangoni nikaandika jina la Kwangu, babu yetu aliyekuwa dereva vitani Burma, na chini yake Clementi, marehemu baba, fundi wa magari kambini. Nafasi ya tatu nikaiacha. Kaka yangu Masatu alikwenda na lori vitani Uganda, hakurudi, wala hatukuletewa mwili. Mama alikataa matanga. Miaka minane alikuwaga anampakulia ugali kila jioni.

Lori likagoma kuwaka. Siku ya tatu, mchana kweupe, Burito aliitupa chini hendeli ya kuzungushia injini, viganja vimechubuka.

"Huyu mtoto hajapewa jina," akatania. "Tumtajie wazee."

Kwetu mtoto mchanga akisumbua hutajiwa majina ya marehemu, moja moja, mpaka atulie. Analotulia nalo ndilo lake. Aliye hai hatajwi kabisa.

"Kwangu!" Kimya. "Clementi! Kaka, usituaibishe, pamba ya watu inangoja!" Kimya.

Akamgeukia mama, aliyekuwa anapepeta mtama. "Shemeji, limebaki moja."

"Huyo hajafa."

"Basi unaogopa nini?"

Mama aliweka ungo chini. "Namtaja mwenyewe. Likinyamaza, mjue mwanangu yu hai, na msinitajie matanga tena mpaka nakufa. Umesikia, Burito?"

"Nimesikia."

"Masatu," akasema, taratibu, kama anayemwamsha mtu.

Lori halikufanya kitu. Mama akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa mdogo, akainama kuchukua ungo wake. Mimi nilikuwa naangalia boneti. Niliona rangi mbichi ya ile kofia inatetemeka kabla sijasikia mlio.

Likawaka. Hendeli ilikuwa bado chini, miguuni pa Burito.

Hakuna aliyesogea. Kisha Burito akapanda mlangoni. "Nilizime. Petroli yenyewe tunapewa kwa kibali."

"Usimzime."

Mama alikwenda mpaka mbele ya lori, akaweka viganja vyote viwili juu ya bati. Bati lilipaswa kuchoma, kwa jua lile. Nilipoligusa, lilikuwa baridi kama mtungi.

"Umechoka, baba," mama akaliambia. "Njia ilikuwa ndefu."

Alikaa hapo hadi petroli ilipokwisha, na sisi tumesimama. Halafu akaniambia bila kugeuka, "Andika." Akamtuma Burito kwa jirani kuazima wembe, ili yeye mwenyewe anyolewe nywele kama mfiwa.