Pumzi ya Perez

Perez, mwenye umri wa miaka miwili, alinyang'anywa kibanio cha nguo na mama yake. Akafungua kinywa alie, sauti isitoke. Midomo yake ikawa ya buluu, akaanguka pale juu ya paa la ghorofa, chini ya shuka zilizoanikwa.

Mama yake, Awiti, alipiga magoti akamlaza ubavu. Mama Ndirangu, jirani aliyekuwa akiosha vyombo kando ya tangi, alikuja mbio na kijiko.

"Mama Perez, mtie hiki kati ya meno! Mmwagie maji!"

"Kiweke chini."

"Mtoto anakufa, na wewe unamtazama tu?"

"Daktari alisema akikata pumzi kwa hasira hivi, nisimtie kitu mdomoni. Akishazimia, ubongo wenyewe utamrudishia pumzi."

Kliniki, maneno hayo yalikuwa mepesi. Na ubongo mdogo hivi ukisahau? Awiti alikikodolea macho kile kifua. Hakikuinuka. Akashtukia mkono wake umeshakifikia kijiko, akaurudisha upesi.

Ndipo kifua kikapanda. Perez akavuta hewa kwa nguvu, akafumbua macho, akanyoosha kidole kudai kibanio.

"Asante Yesu!" Mama Ndirangu alipiga makofi. "Sasa si umpe tu hicho kibanio, mama?"

"Simpi. Nikimpa leo, kesho atazimia kwa ajili ya simu yangu."

Alisema hivyo kwa ukali, akakitia kibanio mfukoni. Lakini moyo ulimdunda hadi masikioni. Akauamuru utulie. Haukumsikiliza.