Bafu Lisilo na Ngazi

"Hapa lazima niinue sakafu," fundi bomba alisema, akanionyesha kwa mkono. "Shibiri moja hivi."

Nikamwambia akome hapo hapo. Shibiri moja ni ngazi, na ngazi ndiyo kitu pekee nilichomkataza tangu asubuhi. Mama yangu alivunjika nyonga. Miezi minne sasa yuko kwa dada yangu, anaogeshwa kama kichanga, na kwenye simu aliniambia waziwazi: atahamia kwangu kama ataingia bafuni na kutoka bila kushikwa na mtu. La sivyo anarudi kwake, akaishi peke yake. Na mama akishasema, kasema.

"Kwa nini uinue?"

"Maji yanataka mteremko, dada."

"Kwa nini usichimbe, basi?"

"Chini yetu ni dari ya jirani. Nikichimba sana, utakuja kuogea sebuleni kwake."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira, ila udadisi nao ulinipanda, na huo ndio ugonjwa wangu: nikianza kuuliza, hata kula nasahau. Nikampokonya chaki, nikapiga magoti, nikamwambia anieleze tangu mwanzo.

Bomba kuu la maji machafu linashuka nje ya ukuta, upande wa dirisha. Shawa tuliipanga kona ya mlangoni, mita tatu na nusu kutoka pale. Kila mita, bomba lishuke sentimita mbili. Na juu ya zege kuna saruji yenye unene wa vidole vinne tu, hapo ndipo bomba lilale. Nikapiga hesabu sakafuni, nikafuta, nikapiga tena. Wapi! Ikagoma.

"Tukiihamishia shawa dirishani?"

"Bomba litakuwa fupi, litaenea vizuri tu. Lakini pale umeweka mashine ya kufulia."

Kweli, niliiweka mwenyewe, tena nikaitengenezea na kabati. Nilidhani kinachomwaga maji mengi ndicho kikae karibu na bomba. Nani asingedhani hivyo?

Nikaenda kuichungulia nyuma. Mpira wake wa kutolea maji ulikuwa umepanda ukutani, ndipo ukaingia kwenye bomba.

"Fundi, maji si hushuka? Huu mpira unapanda kwenda wapi?"

"Mashine ina pampu. Inayasukuma yenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Kiunoni hivi." Akaniangalia, nami nikamwangalia.

"Kwa hiyo bomba lake linaweza kuanzia kiunoni," nikasema polepole, "likapita juu ya sakafu, ukutani, likishuka kidogo kidogo mpaka dirishani. Mashine inaweza kukaa hata mlangoni!"

Fundi alikaa juu ya ndoo yake. "Miaka kumi na nane nazifunga dirishani, kwa kuwa wenye nyumba wanaziweka dirishani," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza mpira unapanda kwenda wapi."

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia na vumbi lake. Siku hiyo hiyo tulihamisha mashine, shawa ikapewa kona ya dirishani.

Wiki mbili baadaye mama alifika na mkongojo wake. Hakutaka chai, alitaka bafu. Alisimama mlangoni, akaitazama sakafu ilivyo sawa mpaka ndani, akaingia, akafunga mlango.

Nikabaki nje, sikio ukutani. Maji yakafunguliwa. Yakaendelea. Kitu kikaanguka.

"Mama!"

"Ni sabuni! Nenda zako huko."

Sikwenda popote. Alitoka baada ya nusu saa, uso unang'aa, gauni amelivaa mwenyewe, vifungo amevikosea kimoja, upande umepanda na upande umeshuka. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kwenda kuvirekebisha. Nikaurudisha.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Umependeza, mama," nikamwambia.