Ndovu Katika Josho la Mbololo

Ukame wa miaka ya sabini ulipozidi, josho la kuogeshea ng'ombe la Mbololo lilisafishwa na kujazwa maji upya. Edith Wakesho, afisa wa mifugo aliyekuwa mgeni kazini, alituma ujumbe kutoka Voi kuuliza maji yamefika wapi. Mzee Thadeus, mwenyekiti wa kamati ya josho, akajibu kwamba yamefika kwenye alama ya kujaa iliyochorwa ukutani. Edith akapiga hesabu ya dawa ya kupe, akaituma, nayo ikamiminwa yote.

Siku ya kuogesha alifika akakuta maji yako chini kabisa ya alama. Ng'ombe walikuwa wamekwishapanga foleni.

"Mzee, ulipima lini?"

"Alfajiri ya siku ile ulipouliza. Ndovu akiwa ndani."

"Ndovu?"

"Kijana tu, dume. Alikuja kujipoza."

"Mbona hukuniambia?"

"Daktari, uliuliza maji yamefika wapi. Hukuuliza nani yumo."

Dawa ya josho zima ilikuwa ndani ya maji pungufu. Ng'ombe wangeungua ngozi, pengine wafe. Edith akawaeleza wanakamati kwamba dawa imezidi ukali.

"Basi tumngoje arudi," Thadeus akasema. "Akiingia, maji yatapanda na dawa itapoa."

"Maji yatapanda, lakini hayataongezeka! Dawa haichanganyiki na ndovu!"

Kamati ikapiga kura. Wote wakaamua kumngoja ndovu.

Edith akaketi kwenye ukuta wa josho, karibu kulia. Kisha akainuka.

"Mwenyekiti, ndovu ameondoka na mwili wake. Si haki tuweke maji mahali pake?"

Thadeus akatabasamu. "Sasa unasema jambo la maana. Kwa nini ulikuwa unazunguka?"

Watu wakashika ndoo na mitungi, punda wakafungwa mapipa, safari za kisimani zikaanza. Kila maji yalipomiminwa, Mama Tryphena, mweka hazina, alitangaza kiungo: "Huu mguu wa nyuma!" Maji yalipogusa alama, Edith akapaza sauti, "Basi! Inatosha!"

"Bado mkonga," Tryphena akalalamika, ndoo mkononi.

"Mkonga alikuwa ameuinua juu, Mama. Ili apumue."

Kamati ikashauriana kwa minong'ono, ikakubali. Ng'ombe wakaogeshwa hadi wa mwisho, wakatoka wakijikung'uta, wazima wote. Edith alicheka peke yake barabarani mpaka Voi, asijue kama ameshinda ama ameshindwa.