Mazoezi Bila Muziki

Mume wa Remedios, Anselmo, alifia kwenye usukani wa lori, akiwa kwenye foleni ya darajani, na tangu siku hiyo redio ya nyumba yao ikazimwa. Aliyeizima ni mama mkwe wake, Doña Eulalia. Hapa Laredo, mpakani na Meksiko, vijana wa siku hizi wanaomboleza wiki moja, kisha hao, wameingia harusini. Doña Eulalia ni mtu wa zamani: mwaka mzima nguo nyeusi, hakuna muziki, hakuna kucheza. Aliyemzika ni mwanawe wa pekee, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Ila nilikuwa na la kumwambia Remedios. Mimi ndiye mama wa ubatizo wa bintiye, tunaitana komadre, na komadre haombi ruhusa ya kuingilia mambo. Alikuwa hapati usingizi. Kule kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tunakofanya kazi sote wawili, alikuwa akishika kifua katikati ya kukunja shuka. Muuguzi wa kliniki akampima presha, akampima tena kana kwamba mashine inamdanganya, akasema ni msongo wa mawazo, anahitaji mazoezi. Remedios akamjibu kwamba anabeba mashuka mabichi kutwa nzima. Muuguzi akasema hiyo ni kazi. Atafute kitu cha kwake mwenyewe. Sisi ugonjwa huo tunauita neva, na dawa yake ni chai ya maua ya mchungwa na kufunga mdomo. Chai alishakunywa mpaka ikamkinai.

Basi nikamburuta hadi ukumbi wa parokia, ambako jioni tunasogeza meza za bingo ukutani na mwalimu wetu, Nubia, anatufanyisha mazoezi kwa muziki wa kumbia. Tuko wanawake wa kila umbo. Mimi nikiruka, sakafu inajua. Remedios alikuja na nguo yake nyeusi, akasimama karibu na mlango. Muziki ulipoanza akageuka aondoke.

"Komadre, siwezi," akaniambia. "Anselmo hajamaliza hata miezi minne ardhini."

Nubia alisikia. Nubia ana mdomo mchafu na moyo safi. Akazima spika, akasema leo tunafanya bila muziki, na anayetaka disko aende ng'ambo ya mto. Tukaanza. Mwanzoni tulichekana, maana kutikisa nyonga kimya kimya kunatia aibu kidogo. Kisha tukazoea. Ikabaki sauti ya viatu na pumzi zetu, na Nubia akihesabu kwa vidole. Remedios alicheza huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemgusa. Kesho yake aliniambia amelala mpaka saa ya mezani ikamwamsha.

Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki, kimya kimya, kwa ajili yake. Presha ikaanza kushuka. Nikaanza kumwona komadre wangu akirudi, yule wa utani, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Lakini mji huu hauna siri. Jioni moja mlango ukafunguliwa, akaingia Doña Eulalia na fimbo yake. Nilimwona kabla ya wengine, nikajiandaa kugombana. Maneno nilikuwa nayo tayari: kwamba muziki haupo, kwamba kliniki ndiyo iliyosema, kwamba je, anataka amzike na huyu? Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti karibu na ukuta, akatazama, mpaka Remedios aliyekuwa amefumba macho akayafumbua na kumwona. Tukasimama sote.

"Mama, hakuna muziki," Remedios akasema.

"Nimesikia kwamba hakuna. Wala sikutazama miguu yako, mwanangu. Nilitazama uso. Hapo ulipofumba macho, ulikuwa umemsahau."

Nilitamani akane. Uongo mdogo tu ungetosha, na sote tungeuapia mbele ya msalaba.

"Ndiyo, mama," akasema. "Dakika mbili, tatu. Ndicho ninachofuata hapa."

Doña Eulalia hakukasirika. Heri angekasirika, ningejua la kufanya. Akapapasa goti lake.

"Na mimi je?" akauliza. "Magoti haya hayachezi. Mimi nitakwenda kumsahau wapi?"

Remedios akachukua sweta yake, akamshika mama mkwe wake mkono, akamwinua. Niliwakimbilia mlangoni, nikamsihi Remedios arudi kesho, nikasema tutamwekea mama kiti, hata kunyoosha mikono ni mazoezi. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mfiwa ni mimi.

"Huko kwenye majonzi mama yuko peke yake, komadre," akasema. "Siwezi kumwacha huko halafu mimi nije kupumzika."

Hakurudi tena. Muuguzi amemwongezea vidonge, na kazini simwulizi kitu kwa sababu najua atanijibu anaendelea vizuri. Naogopa, sifichi. Jioni nikipita kwao naona taa ya jikoni, na wao wawili wameketi mezani na nguo zao nyeusi. Nasimama kidogo nje ya uzio, kisha napitiliza, kwa kuwa sina la kuwapa.