Idhini ya Mwanvua

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, Khalidi alipata kazi ya kukaa kwenye mzani huko Magu, na majirani zake wa Mirongo wakasema ameula. Msimu ukaisha, pamba ikaisha ghalani, lakini safari za Magu hazikuisha. Na akirudi nyumbani hakai. Atakunywa chai amesimama, atakaza kitasa ambacho hakijalegea, atatoka hadi darajani na kurudi, kisha utamsikia akiuliza kama basi la asubuhi limeshaondoka.

Mkewe, Mwanvua, alimtazama tu huku akigeuza vitumbua vyake. Walikuwa na watoto watatu, wote wa kiume. Wa mwisho alikuwa ameshaanza kutembea na kuvunja vikombe, na tangu azaliwe, Khalidi alikuwa mume wa jina. Mara nyingi alilala kwenye mkeka sebuleni akisingizia mgongo. Mara chache alipoingia chumbani, alijitoa kabla ya wakati, kisha akageukia ukutani kama mtu aliyeiba.

Mwanvua alitaka mtoto wa kike. Alipomwambia, Khalidi alijibu, "Mungu akipenda," na kesho yake akapanda basi. Basi Mwanvua akaamini kuwa Magu kuna mwanamke.

Jumamosi moja aliwahi kumaliza kuuza, akajitanda mtandio, akaenda kwa Maalim Yahaya, mzee aliyewafungisha ndoa. Kuanza kulimwia vigumu. Alisifia mkeka, akaulizia wajukuu, akakaa akikunjakunja pindo la mtandio.

"Mwanangu," maalim akasema, "hukuja kuulizia wajukuu."

Ndipo akasema yote, macho yakiwa sakafuni. Maalim hakuhukumu. Alituma mtu amwite Khalidi baada ya Alasiri.

Khalidi alikuja akiwa amevaa viatu vya safari. Wakakaa watatu katika chumba cha madrasa, watoto wakiwa wameshaondoka. Ng'ambo ya barabara, muuza kaseti alikuwa amefungulia mawaidha kwa sauti ya juu: uzazi wa mpango ni njama ya kupunguza umma wa Mtume, anayeufuata amemtilia Mungu shaka katika riziki. Khalidi alisikiliza maneno hayo huku goti likimchezacheza.

"Una mke Magu?" maalim akauliza.

"Wallahi sina."

"Basi mkeo analalamika kwamba unamnyima mtoto."

Khalidi akautazama mlango. "Maalim, mimi najua nina dhambi. Huyo hapo nje anaisema kila siku, sina haja ya kuongezewa."

"Mimi sijakuuliza dhambi. Nimekuuliza sababu."

Khalidi akavua kofia, akaivaa tena. Halafu yakamtoka kwa kasi, kama mtu anayekimbizwa. Siku ya kuzaliwa yule wa mwisho aliitwa wodini asaidie kumhamisha mkewe kitanda. Akaona damu. Godoro lilikuwa limeloa mpaka damu inadondoka sakafuni, na Mwanvua midomo imekuwa myeupe, hamjui mtu. Walipoweza kuizuia, muuguzi mmoja alimvuta pembeni akamwambia kwamba kizazi cha mama huyu hakijikazi vizuri baada ya kujifungua. Safari nyingine anaweza asiwahi kuokolewa.

"Tangu hapo nikimkaribia naliona lile godoro," Khalidi akasema. "Nikikaa nyumbani namtamani, nikimtamani naogopa. Ndiyo maana nakimbilia Magu. Nakaa tu kule, maalim. Nakaa kwenye ghala tupu."

Mwanvua alikuwa ameinua uso.

"Muuguzi alikwambia wewe?"

"Sikutaka uishi kwa hofu."

"Mwili ni wangu, Khalidi! Kizazi ni changu. Habari zake umezificha wewe, mimi nimekaa hapa nikimlaani mwanamke ambaye hata hajazaliwa?"

Maalim alisubiri pumzi ya Mwanvua itulie.

"Sikilizeni," akasema. "Jabir, sahaba wa Mtume, amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani huko kujitoa, wakati Qur'ani inateremka, wala hawakukatazwa. Kwa hiyo kuzuia mimba si jambo lililoanza na wazungu."

"Na ile aya ya kutoua watoto kwa kuogopa umaskini?" Khalidi akauliza. "Kwenye kaseti—"

"Hiyo ni ya mtoto aliyekwisha kuwapo. Wako masheikh wenzangu wanaokataa vidonge na sindano, sitawatukana, wana hoja zao. Mimi nasema mwenye kuogopea uhai ana udhuru, maana Mungu amesema tusijitupe katika maangamizi kwa mikono yetu. Kufunga kizazi moja kwa moja ndiko nisikokubali, ila daktari mwaminifu aseme hakuna njia nyingine." Akamgeukia Khalidi. "Lakini wanazuoni wengi walitia sharti kwenye azli. Mke aridhie. Mtoto ni haki yake kama ilivyo yako. Je, ulimwomba idhini?"

"Sikumwomba."

"Basi mwombe."

Khalidi alimgeukia mkewe. Maneno yalipotoka yalikuwa madogo. "Mama Idi, naomba uniridhie tusizae tena."

"Sijui," Mwanvua akasema, akasimama. "Niache kwanza."

Siku zikapita, Mwanvua akamwacha akisubiri jibu. Khalidi hakwenda Magu, lakini nyumbani napo palimchoma. Alizibua mfereji, akapiga chokaa ukuta wa uani, akafanya kila kitu isipokuwa kutulia. Mwanvua alikaanga vitumbua, akauza, hakugusia lolote. Siku nyingine Khalidi alimkuta amembeba mtoto wa kike wa jirani, akimnusa utosini, akaondoka kimyakimya asionekane.

Hatimaye asubuhi moja alimkuta amevaa nguo za kutokea.

"Nakwenda kliniki," Mwanvua akasema. "Nikaambiwe mwenyewe kwa masikio yangu."

Kliniki ilikuwa ile yenye bango la nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango. Muuguzi, Bernadeta, alimwingiza Mwanvua, akamwonyesha Khalidi benchi la nje. Alikaa, akasimama, akazunguka jengo, akachungulia dirishani.

"Baba, kaa chini!" Bernadeta akamkemea. "Hapa hatuibi wake za watu."

Mwanvua alipotoka hakuelekea nyumbani. Aliteremka njia ya ziwani, Khalidi nyuma yake, mpaka kwenye mawe ambapo wanawake walikuwa wakianika dagaa. Akavua ndala, akaingiza miguu majini.

"Wamesema vilevile alivyokwambia yule muuguzi," akasema. "Nimewekewa kitanzi. Nimekuridhia, Khalidi."

"Ahsante, mke wangu. Mungu aku—"

"Usinishukuru. Sijakupa zawadi. Nina watoto watatu wanaonihitaji, nimewachagua wao. Ila safari nyingine ukiambiwa neno juu yangu, nilisikie siku hiyohiyo."

"Utalisikia."

Upepo wa ziwa uliwapiga. Khalidi alitafuta la kufanya na mikono yake, akaishia kuzishika ndala za mkewe. Mwanvua alikuwa analia bila sauti, uso ameuelekeza majini.

"Nilikuwa nimeshamtafutia jina," akasema.

"Jina gani?"

Mwanvua akatikisa kichwa.

"Hilo niachie mimi," akasema.