Jua Mgongoni, Mtoto Mgongoni

Mzee Gosbert aliichota picha kutoka kwenye beseni la dawa, akaitazama, akaigeuza juu chini, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani, "Huyu mama mwenye vichwa viwili ni nani?"

Paskazia akasogea kuangalia. Picha ilikuwa ya wanawake wanaoanika dagaa kule mwaloni Kirumba, ufukweni zinakotia nanga mitumbwi ya wavuvi. Walikuwa wamejipanga, wamesimama wima, mikono imeshuka ubavuni, macho makavu kama wanangoja kuhesabiwa. Lakini mbele ya miguu yao, juu ya mchanga, kililala kivuli kirefu cha mtu mwenye kichwa kimoja mahali pake na kingine kikichungulia begani.

"Ni mimi," akasema taratibu. "Mimi na Mayala."

"Basi hongereni. Mmetoka vizuri kuliko wenye picha yao."

"Mzee, si wewe uliyeniambia jua liwe mgongoni?"

"Nilisema jua. Mtoto sikumtaja."

Mayala, aliyekuwa amefungwa mbeleko mgongoni mwa mama yake, akapiga chafya, na Mzee Gosbert akamwambia asante kwa kuchangia mawazo.

Studio yake ilikuwa karibu na soko la Mkuyuni, chumba kimoja chenye ukuta uliochorwa ndege ya abiria. Watu walikuja wakasimama kwenye ngazi za ndege ile, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani kwa miguu. Paskazia alifuta vumbi, akashika taa, akachana nywele za wateja, na polepole akajifunza kusafisha filamu. Lakini roho yake ilikuwa nje. Tangu alipoanza kwenda masomo ya jioni, akipita njia ileile kila siku jua likizama, alikuwa ameanza kuona vitu: jinsi mawe ya mlimani yanavyogeuka rangi ya maandazi, jinsi sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga inavyoweza kumulika uso wa anayeisugua. Ndani ya studio jua halikuingia. Ndege ilikuwa angani mwaka mzima bila jua.

Magoti ya Mzee Gosbert yalikuwa yamechoka, na kazi za nje zilikuwa zinampita. Mpwa wake Clavery angeshuka na meli ya Bukoba mwisho wa mwezi kuja kuzichukua. Paskazia alipoziomba yeye, mzee hakumkatalia. Alisema, "Niletee picha moja ya nje ambayo mwenye sura yake akiiona ataitaka. Ukiipata, kamera ya nje ni yako. Ukiikosa, ni ya Clavery, na wewe utaendelea kuipangusa ndege yangu."

Sasa filamu nzima ilikuwa imekwisha, na kilichopatikana ni vichwa viwili. Tangu mpaka na Kenya ufungwe, filamu zilikuwa adimu kuliko sabuni. Mzee Gosbert akamkabidhi nyingine akiiminya mkononi kama mtu anayegawa sukari.

"Ya mwisho hiyo, mama. Nyingine atapigia Clavery."

Jioni hiyo nyumbani, mumewe Ndalahwa alimkuta amesimama uani na Mayala mgongoni, jua nyuma yake, anakitazama kivuli chake ukutani kama mtu anayegombana na jirani.

"Mama Mayala, kichwa cha pili kimekuudhi nini?"

"Nenda kaoge."

"Naenda. Lakini na mimi nataka picha. Nitasimama hivi." Akabana mikono, akakaza shingo, akatoa macho.

"Hivyo hivyo ndivyo wanavyosimama wote! Nikihesabu moja tu, watu wanakauka. Walikuwa wanacheka, wanasukumana, mara wamekuwa miti."

"Wanakuheshimu."

"Wanaiheshimu kamera. Mimi hata hawanioni."

Alichuchumaa kupuliza mkaa, na hapo ndipo alipoona. Kivuli kilichokuwa kimepanda ukuta mzima kilishuka naye, kikawa kifupi, kikajikunja karibu na miguu yake. Akasimama, kikapanda. Akachuchumaa, kikashuka.

"Ndalahwa! Njoo uone!"

"Naoga, si ndivyo ulivyoniamuru?"

Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza juu ya mapaa ya Kirumba, Paskazia alikuwa ameshafika mwaloni. Bibi Ng'washi, mkubwa wa waanika dagaa, alimwona kwa mbali akawaita wenzake. "Haya, mpiga picha wetu karudi! Funga kanga, Dorotea, unaonekana umetoka kitandani."

"Si nimetoka huko kweli?" akajibu Dorotea.

Wakacheka, wakagonganisha viganja. Paskazia akatamani kuwanasa papo hapo. Lakini alipoishika kamera tu, wakajipanga, vicheko vikafa. Akapiga moja, akapiga nyingine. Alijua bila kusafisha kwamba ni miti ileile. Akamwomba Bibi Ng'washi asogee peke yake kando ya dagaa. Bibi akasogea, akavuta pumzi, akaifungia kifuani.

Kamera ile haikuwa ya kuweka jichoni. Ilishikwa tumboni, na mpigaji akainamisha kichwa kuangalia kioo chake kwa juu. Paskazia akainama. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye miguu ya bibi, vichwa vyote viwili. Kuchuchumaa na mtoto mgongoni mchangani pale kungemwangusha, kwa hiyo akapiga magoti polepole, kamera tumboni, kichwa chini.

Sasa, Bibi Ng'washi alikuwa amezaa, amelea na kuozesha. Mwanamke kijana akipiga magoti mbele yako na kuinamisha kichwa, utamwacha hivyo hivyo eti kwa sababu ya picha? Pumzi ikamtoka bibi yote.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba, mayu, mama yangu! Hujambo? Na huyo wa mgongoni hajambo?" Akanyoosha mkono kumwinua, uso wote umemfunguka.

Kidole cha Paskazia kikabonyeza chenyewe.

"Eh!" Bibi akarudi nyuma. "Umenipiga nikiwa nasema? Hiyo itupe!"

Mzee Gosbert alipoiona picha ile ikijichora ndani ya dawa, aliinamia beseni. Baadaye akauliza, "Anasema nini?"

"Marahaba."

"Nani kamsalimia?"

"Hakuna. Nilikuwa nakikimbia kivuli."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alipoivaa tena akatikisa kichwa. "Mimi naipenda. Ila sikusema mimi, nilisema mwenye sura. Watu huja kwetu watulizwe, na wewe umemtibua. Twende tukamsikie."

Wakaenda, mzee amepakiwa kwenye baiskeli ya Ndalahwa, kamera ya nje shingoni, imeshatiwa ile filamu ya Clavery, akiyalalamikia mashimo ya njia moja baada ya jingine. Paskazia aliwafuata kwa miguu na picha ndani ya bahasha.

Bibi Ng'washi aliishika mbali na macho. "Nimeachama kama samaki furu!" Akairudisha. "Mimi nilisimama vizuri. Yule niliyesimama yuko wapi?"

Paskazia akaikunja bahasha tupu. Mzee Gosbert akageukia ziwa, akalitazama upande ule zinakotokea meli za Bukoba.

Dorotea akaichukua picha. "Bibi, ukisimama unafanana na tangazo la serikali. Huyu ndiye wewe. Si ndivyo unavyoniitikia kila asubuhi? Mimi nakusikia kabisa humu."

"Unasikia nini?"

"Na huyo wa mgongoni hajambo?" Dorotea aliigiza sauti, na wenzake wakaangua kicheko.

Bibi Ng'washi akafuta mkono kwenye kanga, akaichukua tena picha. Safari hii aliileta karibu. Akaitazama muda mrefu, na midomo yake ikaanza kufuata ya kwenye picha.

"Kumbe nikiitikia huwa nafurahi hivi?" akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaificha ndani ya kanga, upande wa moyo. "Hii ni ya mwanangu aliyeko Geita. Ajue bado kuna mtu wa kumwitikia. Nitengenezee nyingine, hii sirudishi."

Mzee Gosbert akavua mkanda wa kamera shingoni, akamvika Paskazia.

"Basi na mimi nisalimie," Dorotea akadakia, akijirekebisha kanga na kukaza shingo. "Kama ulivyomsalimia bibi. Usinipunje."

Paskazia akapiga magoti mchangani, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo?" Dorotea akashika kiuno. "Wewe Paskazia! Mimi na wewe nani kamzaa mwenzake? Mimi mzee? Hebu niangalie vizuri!"

Kamera ikalia.

"Hiyo hataitaka," akanong'ona Mzee Gosbert.

"Ataitaka, mzee," akajibu Paskazia, akijipangusa mchanga magotini. "Asipoitaka yeye, mume wake ataitaka. Ndivyo anavyomwona kila siku."